Bega Lisiloonekana

Wahenga walilonga kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumzwa dhiki za maisha: msiba, deni, ndoa iliyoingia ufa. Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo methali hii huifaa kwa maana yake ya wazi kabisa, nayo ni kazi ya mpigapicha wa sinema na televisheni. Mtazamaji aketiye sebuleni huona mkutano wa hadhara, mazishi ya kiongozi au mto uliovunja kingo zake, na picha imetulia tuli kana kwamba imechorwa ukutani. Hajiulizi ni nani aliyesimama juani saa nzima na chuma begani. Picha ikitikisika ndipo humkumbuka, na humkumbuka kwa kulalamika. Mpigapicha, basi, hutambuliwa anapokosea na husahaulika anapofaulu.

Yafaa kwanza mzigo wenyewe ujulikane. Katika miaka ya 1970 wapigapicha wengi wa habari walitumia kamera za filamu ya milimita 16. Zikafuata kamera za video zilizounganishwa kwa waya na mashine ya kurekodia, ambayo ilining'inia begani mwa mtu wa pili. Mwaka 1982 kampuni ya Sony ilitoa Betacam, iliyoviunganisha vyombo hivyo viwili kuwa kimoja. Ukijumlisha lenzi, betri na kanda, mzigo huo ulikaribia kilo 10, na wakati mwingine ulizidi. Yamkini hamali wa Mombasa aliyezoea magunia angeucheka uzito huo. Lakini hamali hutembea, hutua, akajipangusa jasho. Mpigapicha hutakiwa kuukalia mzigo wake kimya, na kimya hicho ndicho kinachochosha. Msuli uliokazwa mahali pamoja huchoka upesi kuliko msuli unaojikunja na kujikunjua, kwa sababu damu haipiti ndani yake kwa wepesi. Baada ya dakika chache mkono huanza kutetemeka, na mtetemo huo, uwe mdogo namna gani, lenzi inayoona mbali huukuza.

Kamera ya aina hiyo imeundwa kwa ajili ya bega la kulia. Mkono wa kulia hupenyezwa katika ukanda ulio ubavuni mwa lenzi. Vidole vyake ndivyo vinavyobonyeza kitufe cha kurekodi, na ndivyo vinavyoivuta picha karibu au kuisogeza mbali. Jicho la kulia hukaa kwenye kitundu cha kutazamia. Mkono wa kushoto nao huzungusha pete ya lenzi ili sura isififie, huongeza au kupunguza mwanga, na papo hapo husaidia kuutegemeza uzito wa mbele usiinamie chini. Viwiko hubanwa mbavuni. Miguu hutanuliwa kadiri ya upana wa mabega na magoti hulegezwa kidogo, kwa maana goti lililonyooka hupitisha kila mshtuko wa ardhi hadi kichwani. Mwenye kutaka kuufuata msafara upitao kutoka kushoto kwenda kulia huelekeza nyayo zake kule atakakomalizia, kisha huusokota mwili kiunoni kuuelekeza mwanzo. Msafara unapopita, mwili hujisokotoa polepole na kufika mwisho ukiwa umestarehe. Aliyefanya kinyume humaliza akitetemeka, na msafara wake humalizika ukitetemeka vilevile.

Fauka ya hayo, pana suala la mizani. Wenyeji wa pwani wanaujua mzega, yaani ule mti uliolazwa begani mwa mchukuzi, chombo cha maji huku na chombo cha maji huku. Mzega hauupunguzi uzito hata ratili moja. Unachofanya ni kuuweka uzito wa mbele na wa nyuma katika mapatano, hata bega likawa na kazi moja tu ya kubeba, bila kazi ya pili ya kuzuia. Kamera ya begani hufuata kanuni iyo hiyo. Lenzi iko mbele, betri iko nyuma, na pedi inayokaa begani huweza kusogezwa. Lenzi nzito ikifungwa, pedi husogezwa mbele kidogo. Betri nzito ikitiwa, hurudishwa nyuma. Mjuzi wa kazi huijaribu mizani hiyo kwa kuziachilia mikono kwa nukta moja, huku viganja vikiwa tayari chini. Kamera ikitulia begani yenyewe, kazi inaweza kuanza. Ikiinama, mpigapicha anajua kuwa mkono wake wa kushoto utailipa kasoro hiyo mchana kutwa.

Iwapo kuna nafasi na muda, mzigo huu hupokewa na tripodi. Wapishi waliitambua siri ya tripodi kabla ya kamera kuwepo. Husemwa kuwa jifya moja haliinjiki chungu, na jikoni mafiga ni matatu, si mawili wala manne. Chungu kilichoinjikwa juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde, kwa sababu nukta tatu daima hupata uso mmoja wa kukalia. Meza ya miguu minne huchezacheza sakafu ikiwa na kasoro. Juu ya miguu hiyo mitatu pana kichwa chenye kipande mithili ya pimamaji ya fundi mwashi, na ndani ya kichwa hicho mna mafuta mazito yanayozuia kamera isigeuke kwa pupa. Hata hivyo, mambo ya dunia hayamsubiri mtu apange mafiga. Risasi hailii mara mbili ili irekodiwe, na umati unaokimbia haurudi nyuma. Hapo mpigapicha hulazimika kuwa yeye mwenyewe mafiga.

Lakini je, si kweli kwamba taabu hii imekwisha? Kamera zimepungua uzito, na simu ya mkononi, isiyofika hata nusu kilo, hupiga picha za video ambazo zamani zingehitaji gari zima la vifaa. Jibu lina ajabu yake. Kilichotarajiwa ni kwamba chombo chepesi kingetoa picha tulivu zaidi, ilhali ukweli ni kinyume. Kitu kizito kina ubishi. Hakikubali kusukumwa na kila mpwito wa damu na kila pumzi. Kitu chepesi hutii kila amri ya mkono, hata zile ambazo mkono haukukusudia kuzitoa. Ndiyo maana watengenezaji wa simu wamelazimika kutia ndani yake mitambo ya kuutuliza mtetemo. Baharini funzo hili si geni. Ngalawa ni gogo jembamba ambalo peke yake lingepinduka kwa wimbi dogo. Mafundi huitia matengo, magogo mengine yaliyotandazwa kando kwa kando. Chombo huongezeka uzito na upana, nacho kwa kuongezeka huko hupata utulivu.

Wazo la namna hiyo ndilo lililozaa mtambo uitwao Steadicam, ambao Mmarekani Garrett Brown aliubuni katika miaka ya 1970 na ambao ulionekana katika sinema kwa mara ya kwanza mwaka 1976, miongoni mwazo Rocky. Brown hakuipunguza kamera uzito. Aliifunga juu ya mlingoti mfupi, na chini ya mlingoti akatundika betri na kioo cha kutazamia, hata kitovu cha uzito kikashuka kutoka ndani ya kamera na kuja mahali ambapo vidole vinaweza kukishika. Mlingoti huo hubebwa na mkono wa chuma wenye springi na viungo mithili ya bega na kiwiko, na mkono huo umefungwa katika fulana ngumu inayouteremsha uzito hadi nyongani. Mbebaji hutembea, hupanda ngazi, hata hukimbia, na picha huelea. Isitoshe, jumla ya uzito wote huo huweza kufika kilo 30 na kupita. Kwa maneno mengine, ili picha ionekane haina uzito wowote, iliwabidi watu waongeze uzito juu ya mwili wa mtu.

Hapa msomaji wa Kenya ana sababu ya kutabasamu, kwa kuwa elimu ya kuteremsha mzigo hadi kwenye mifupa haikuanzia Marekani. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake, kuhusu wanawake wa Kiluo wanaojitwika mizigo kichwani na wanawake wa Kikikuyu wanaoibeba mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Iligunduliwa kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo ufikao asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada kuliko watembeapo mikono mitupu. Mwaka 1995 utafiti mwingine katika jarida hilohilo ulieleza jinsi ilivyowezekana. Mtu anapotembea, mwili wake hupanda na kushuka mithili ya timazi inayobembea, na katika kila hatua nguvu fulani hupotea. Wanawake waliozoea mizigo walikuwa wakizipoteza kidogo zaidi walipobeba. Ile kata ya majani iliyokaa kati ya mtungi na utosi, basi, ilikuwa juu ya mwili uliokwisha kujifunza fizikia kwa vitendo tangu utotoni.

Hata hivyo, sifa hizi zisitumiwe kuficha gharama. Ukanda ule ule uliowastaajabisha wanasayansi uliacha mfuo katika paji la uso la bibi aliyeuvaa miaka 50. Bega la kulia la mpigapicha mkongwe nalo huweza kushuka chini ya la kushoto, na uti wa mgongo humdai usiku kazi aliyoufanyisha mchana. Mwili hujifunza kubeba, lakini haubebi bure.

Aidha, mzigo wa picha si wa mtu mmoja. Jicho moja likiwa kwenye kitundu cha kutazamia, mpigapicha huona kipande kidogo cha dunia kwa uwazi mkubwa na kilichobaki hakioni. Akilazimika kurudi kinyumenyume mbele ya kiongozi anayetembea, hajui iwapo nyuma yake pana shimo, mfereji au mtoto. Katika timu za habari za enzi ya Betacam, macho yake ya nyuma yalikuwa ni mtu wa sauti. Huyu alining'iniza mashine ya kuchanganyia sauti shingoni, akainua kinasa-sauti juu ya ufito, na mara nyingi akaunganishwa na kamera kwa waya usiomruhusu kwenda mbali. Mkono wake ulipopata nafasi uliwekwa mgongoni mwa mwenzake kumwongoza: rudi, simama, kushoto. Alichokiona mmoja ndicho alichokitegemea wa pili, na popote alipokwenda mmoja, hatari ilimkuta wa pili papo hapo.

Hakuna maisha yanayodhihirisha mambo haya yote kama ya Mohamed Amin. Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya Camerapix. Alikuwapo Zanzibar wakati wa Mapinduzi ya mwaka 1964. Tom Mboya alipopigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, Amin alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa mwanzo kufika. Ulimwengu, hata hivyo, unamkumbuka zaidi kwa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, alikokwenda Oktoba 1984 pamoja na mwandishi wa BBC Michael Buerk. Tarehe 23 mwezi huo BBC ilionyesha picha zake za njaa, na baadaye zikaonyeshwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Kutokana nazo wanamuziki wa Uingereza walitoa wimbo wa kuchangisha fedha mwishoni mwa mwaka ule, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid mjini London na Philadelphia.

Mengi yameandikwa kuhusu huruma iliyomo katika picha zile. Yafaa pia kuutazama utulivu wake. Zinapita taratibu juu ya uwanda uliojaa watu waliojitanda mashuka, zikimpa kila mmoja muda wa kuonekana kuwa mtu. Mbele ya maiti za watoto mkono una kila sababu ya kutetemeka. Picha inayoyumba ingemwelekeza mtazamaji kwa mpigapicha na mfadhaiko wake. Picha iliyotulia ilimwacha na wenye njaa. Kwa hiyo kubana viwiko mbavuni, jambo linaloonekana kuwa la ufundi mtupu, huko Korem lilikuwa ni adabu pia. Mwenye mzigo wa kilo 10 aliuficha ili mzigo mkubwa zaidi uonekane.

Miaka saba hivi baadaye, mapema mwezi wa Juni 1991, siku chache baada ya waasi kuuteka mji wa Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka mjini humo. Amin na wenzake walikwenda kurekodi. Mlipuko mwingine ukawakuta huko. John Mathai, mtu wake wa sauti, aliuawa. Amin aliokoka, lakini alipoteza mkono wake wa kushoto.

Msomaji aliyeufuata mgawo wa kazi za mikono ulioelezwa hapo awali atatambua uzito wa tukio hili. Mkono wa kulia, ule wa kubonyeza na kuvuta picha, ulibaki. Uliokwenda ni ule wa kuitegemeza kamera na kuizungusha pete ya lenzi, yaani mkono wa mizani. Wengi wangedhani kazi yake imefika ukingoni. Amin alitengenezewa mkono wa bandia na akarejea kazini, akalazimika kumfundisha upya bega, kiuno na miguu kazi iliyokuwa ya kiganja. Aliendelea hadi tarehe 23 Novemba 1996, pale ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ikitoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 walifariki kati ya 175 waliokuwamo, naye Amin akiwa mmoja wao.

Mkono wa Amin umetajwa katika vitabu na filamu, na ni haki utajwe. Lakini mizani hiyo ina upande wa pili. Pale Addis Ababa, mmoja alirejea nyumbani bila mkono, na mwenziwe hakurejea. Jina la mpigapicha lilijulikana dunia nzima. La mtu wa sauti hutajwa katika sentensi moja, aghalabu katika maelezo ya namna mkono ulivyopotea. Kama mpigapicha ni bega lisiloonekana nyuma ya jicho, mtu wa sauti ni bega la nyuma zaidi, ambalo hata wanaolisifu la kwanza hawalioni.

Hapa lugha yenyewe ina la kujibu. Kiswahili si maskini wa vitenzi vya kubeba. Mtungi hutwikwa kichwani, mtoto huelekwa mgongoni au hupakatwa mapajani, na akiba hufutikwa kibindoni. Kila sehemu ya mwili ina kitenzi chake. Lakini mwenye kamera aliitwa mpigapicha, akapewa jina la lile tendo la nukta moja, na saa nyingi za kubeba zikaachwa bila jina. Wahakiki nao wameiendeleza desturi hiyo. Katika madarasa ya fasihi husemwa juu ya jicho la kamera, juu ya mtazamo, juu ya msimulizi maizi aonaye yote naye haonekani, kana kwamba macho huelea hewani bila shingo. Mwanafunzi wa fasihi anapokutana na usimulizi uliotulia kabisa, usio na chembe ya mtetemo, yafaa aulize swali aliloulizia bega: ni nani aliyebeba hapa, alisimama wapi, na utulivu huu ulimgharimu nini? Riwaya nyingi zinazosifiwa kwa utulivu wa masimulizi ziliandikwa usiku na watu waliokuwa wamechoka, kwa mwanga uliolipiwa na mtu mwingine.

Swali hilo halipunguzi thamani ya kazi. Ujuzi wa mzega haukuyafanya maji yawe machungu, wala kumjua aliyejitwika mtungi hakumzuii mtu kunywa. Humfanya tu anywe akijua. Vivyo hivyo, mtazamaji aijuaye kazi ya viwiko, magoti na pumzi haioni picha ikiharibika mbele yake. Huiona ikiwa na kina zaidi. Huenda hata akaacha kuinuka kitini mara filamu inapomalizika, akayangoja yale majina yanayopanda upesi kwenye kioo, ya kamera na ya sauti, hadi la mwisho lipite. Na panapotajwa tena mkono wa Mohamed Amin, basi, kwa uadilifu ule ule, litajwe na jina la John Mathai.